Safu ya Anayerudi

Fundi mitambo wa redio yetu hakuniita kwa jina langu hata siku moja. Aliniita Kumi na Nne. Kompyuta niliyosomea matangazo ilikuwa na anwani ya mtandao inayoishia na namba hiyo, na kwake yeye mtu na mashine yake walikuwa nyumba moja. Mtangazaji wa michezo alikuwa Kumi na Saba. Mkurugenzi alikuwa Thelathini, na hakupenda, kwa sababu alidhani namba ndogo ndizo zenye heshima. Alipolalamika aliambiwa kwamba namba moja ni ya lango, namba mbili ni ya mnara, na kama anataka kwenda kukaa mlimani apigwe na radi aseme tu.

Redio ilikuwa mtaa wa Miembeni, vyumba vinne juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kazi yangu ilikuwa kusoma matangazo ya vifo, mchana na jioni. Miaka ile hicho ndicho kilichokuwa kipindi chenye wasikilizaji wengi kuliko taarifa ya habari. Watu walipanda ngazi na karatasi zao, wengine wametoka Muleba na basi la alfajiri, na karatasi zote zilifanana. Ukoo wa fulani unasikitika kutangaza kifo cha kijana wao, kilichotokea jana baada ya kuugua kwa muda mfupi. Nilisoma "muda mfupi" mpaka ulimi ukazoea. Kila aliyesikiliza alijua ni muda gani na ni ugonjwa gani. Wazee waliwahi kuuita Juliana, jina la kitambaa cha magendo cha siku zile. Vijana wakasema fulani kakanyaga waya. Fundi aliuchukia msemo huo. Alisema nyaya anazifahamu tangu ujanani na hajaona hata moja iliyomkondesha mtu.

Kwa asiyejua kazi ile nieleze kidogo. Mtandao wa studio ni mtaa mdogo. Kompyuta inayorusha vipindi, mikisa ya sauti, kompyuta za habari, kisanduku kinachopeleka sauti mnarani, kila kimoja kina namba yake, na vinaitana kwa namba hizo. Ukikosea namba moja, kifaa kizima kinakaa pale taa zinawaka lakini hakisikiki. Kati ya mtaa huo na intaneti kuna kitu ambacho vitabu vinakiita ukuta wa moto. Fundi aliona jina hilo ni vitisho vya bure. Yeye aliuita lango, na mlinzi wa lango alikuwa yeye.

Alipolifunga mara ya kwanza alifunga kila kitu. Hakuna kilichoingia, hakuna kilichotoka. Kisha akaketi na kusubiri tumfuate, mmoja mmoja. Ulipofika mezani kwake ulitakiwa kusema wewe ni namba ngapi, unataka kuzungumza na nani huko nje, kwa sababu gani, na mpaka lini. Aliandika majibu yako kwenye kaunta buku yenye jalada jekundu, akakufungulia mlango mmoja, huo tu. Mkurugenzi alikataa kwenda kujieleza kwa mwajiriwa wake, akakaa siku mbili bila barua pepe. Siku ya tatu alikwenda.

Nisimpambe. Alikuwa mgumu, na ugumu wake ulituchosha. Alivaa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo mpaka shingoni, na alituvulisha viatu mlangoni kama tunaingia kwa mkwe. Mezani alikuwa na kopo la maziwa ya unga ambamo kila aliyeingia alidondosha flashi yake. Hakuna flashi iliyochomekwa studio kabla ya kuogeshwa, yaani kusafishwa virusi, kwenye kompyuta moja kuukuu, isiyounganishwa na kitu chochote, aliyoiita Bafuni. Kiongozi wa kwaya moja ya parokia alikasirika, akasema zile ni nyimbo za kumsifu Mungu. Fundi akamjibu kwa upole kwamba nyimbo ni safi, anachotaka kujua ni wapi flashi imelala.

Lakini mtangazaji wa michezo aligundua udhaifu wake. Msimu wa senene alimpelekea kikombe kimoja cha panzi hao, waliokaangwa vizuri, wakavu. Alifunguliwa milango mitatu kwa mara moja. Nimeiona kwenye kaunta buku kwa macho yangu: kwenye safu ya sababu, kwa mwandiko wake ule wa kusimama wima, ameandika "senene". Hakudanganya hata kwenye rushwa.

Ugumu huo aliutoa vitani. Wakati wa vita vya Kagera alikuwa jeshini upande wa mawasiliano, akibeba redio mgongoni. Vita vyenyewe hakuvisimulia, ila kisa kimoja, na alikirudia kila alipopata mfanyakazi mpya. Walikuwa wamejichimbia mahali, redio ikaita. Sauti iliyoita ilikuwa ya Kiswahili kizuri, yenye utulivu, ikataja majina ya wakubwa wao bila kukosea, ikauliza wako wapi. Haikutaja namba ya siku, ile ya kujitambulisha. Yeye alisita, mkubwa wake akamnyang'anya chombo, akajibu. Baada ya muda mizinga ikaanza kuanguka pale pale walipokuwa. Hakusema wangapi walikufa. Alimalizia kwa maneno yale yale: "Sauti nzuri si kitambulisho. Sema namba yako."

Sisi tulimcheka kisirisiri kwa kupeleka vita kwenye kebo za studio. Tulimcheka mpaka redio moja ya jirani ilipoingiliwa kupitia intaneti, vipindi vyao vyote vikafutika. Baada ya hapo tuliendelea kumcheka, ila kwa sauti ya chini zaidi.

Kitu cha pekee kwenye kaunta buku ile kilikuwa safu ya mwisho. Mafundi wengine nimewaona wakiandika namba ya mashine, jina lake na mahali ilipo, basi. Yeye aliongeza safu aliyoiita Mrithi. Kwetu mtu akifa, mrithi wake, omusika, husimamishwa mbele ya ukoo, na tangu siku hiyo anaingia nafasi ya marehemu kweli kweli: kibanja cha migomba ni chake, kiti chake kwenye vikao vya ukoo ni chake, watoto wanamwita baba. Fundi alifanya hivyo kwa mashine. Kila namba ilikuwa na mrithi wake aliyeandikwa mapema. Kumi na Nne ikifa, namba yake itavaliwa na Ishirini na Mbili kutoka chumba cha habari. Ishirini na Mbili ikiondoka hapo, mahali pake pataingia ile ya akiba stoo. Katika miaka ile nilisoma matangazo ya mtu, kisha ya mrithi wake, kisha ya mrithi wa mrithi, na njiani kwenda Buganguzi zilikuwepo nyumba ambazo milango imepigiliwa mbao. Yeye alitoka huko. Alijua kibanja kisicho na mrithi kinavyokuwa.

Basi ajabu yake ni hii. Aliyempangia mrithi kila kisanduku chenye waya hakupanga mrithi wake mwenyewe. Neno la siri la lango lilikuwa kichwani mwake tu. Mkurugenzi alimwomba aliandike, likae kwenye bahasha kabatini. Akasema ataandika, hakuandika. Na aliyepima kila kebo mpya mara mbili, upande huu na upande ule, hakutaka kupima damu. Alianza kukonda tunamwona. Shati likaanza kubaki na nafasi shingoni. Akawa anakohoa, anasema ni vumbi la mashine. Nilikuwa nikimwangalia kupitia kioo cha studio huku nasoma karatasi za watu, na nakiri kwamba niliogopa siku nitakayoisoma yake.

Mwezi mmoja radi ilipiga, ikaua Kumi na Moja, ile kompyuta inayorusha vipindi. Fundi alifungua kaunta buku, akaenda chumba cha kurekodia, akamchukua mrithi na kumvika namba kumi na moja. Kwa kuwa ni namba hiyo tu iliyoruhusiwa kuzungumza na mnara, alifanya na jambo lingine: aliliambia lango lisiangalie namba peke yake, liangalie na alama iliyochongwa ndani ya kadi ya mtandao ya mashine yenyewe, ambayo haifanani na ya mashine nyingine. Yule mrithi akatambuliwa rasmi. Maiti ikafungwa kwenye boksi, ikapelekwa Mwanza kwa fundi wa mabodi ya kompyuta, tukaisahau. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwake kabla ya kuzidiwa. Aliomba ruhusa ya wiki mbili kwenda kwao Buganguzi, na wiki mbili zikawa miezi miwili.

Akaletwa fundi mwingine kushika nafasi, mtu mzima, mpole, mwenye vyeti. Siku moja boksi likarudi kutoka Mwanza, na ndani yake Kumi na Moja, mzima wa afya. Fundi mgeni akafurahi, kwa sababu yule mrithi alikuwa mashine dhaifu iliyokuwa ikiganda kila mara katikati ya vipindi. Akachomeka. Tangu saa ile redio ikawa inasikika, inakatika, inasikika, inakatika. Alibadilisha kebo. Alibadilisha swichi. Siku ya tatu mimi nikakumbuka kaunta buku, tukaifungua, tukaona: namba moja, wenyewe wawili. Akamzima mrithi, ikawa mbaya zaidi, kimya kabisa. Lango lilimtaka mrithi mwenye kadi yake. Aliyerudi alikuwa na namba sahihi na jina sahihi, akakataliwa kama ile sauti ya vitani.

Na neno la siri la lango lilikuwa Buganguzi, kitandani. Fundi mgeni alisema njia nyingine ni kulifuta lango lote lianze upya, milango yote aliyoipanga mwenzake ipotee, tukae wazi mpaka apange nyingine. Mkurugenzi aliniambia niende nikalilete neno hilo. Alinichagua mimi kwa sababu ni mimi tu nisiyegombana na fundi wetu.

Nilipanda basi mpaka Muleba, nikachukua pikipiki. Nyumba yake haikuwa na lango lolote. Hilo nalo lilinishangaza kwa mtu kama yeye: watoto wa ndugu zake waliofariki walikuwa wanaingia na kutoka, sijui wangapi, na jirani amekaa barazani anakula bila kuulizwa ametoka wapi. Dada yake alinipa kahawa ya kutafuna kwenye kisahani, akanipeleka chumbani. Nisieleze nilichokiona. Waliouguza miaka ile wanajua, na wasiouguza wamshukuru Mungu.

Nilimweleza habari ya mashine kwa utaratibu, kama alivyopenda kuelezwa. Alisikiliza amefumba macho. Nilipofika kwenye boksi kutoka Mwanza akayafungua.

"Amerudi?"

"Amerudi, tata. Mzima kabisa. Tatizo mrithi wake yupo." Nilimwita tata, baba, kama kwetu tunavyowaita wazee.

Akacheka, kicheko kikamgeuka kikohozi, dada yake akaja kumwinua. Alipotulia alisema kosa ni lake. Tangu jeshini ameandika orodha nyingi, za watu na za mashine, na hajawahi kuweka safu ya anayerudi. Hakuwahi kuihitaji. Kisha akasema, kwa sauti ile ile, nichukue kalamu aniambie neno la siri.

Mtu aliyemnyima Mkurugenzi, ambaye neno hilo halikuwahi kumtoka kwa mdomo wala kwa karatasi, ananipa mimi bila kuuliza namba yangu. Nilielewa anafanya nini. Alikuwa anamsimamisha omusika wake, na omusika alikuwa mimi. Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Redio nzima ilikuwa inaningoja Miembeni. Nikairudisha kalamu kwenye mkoba.

"Silitaki," nikamwambia.

"Kumi na Nne, redio imezimika."

"Haijafa, inakohoa. Tutamrudisha yule dhaifu atatuvusha. Tata, siku hizi kuna wanaorudi. Hapo Muleba hospitalini wanapima, wanatoa dawa bure, nimewatangaza mwenyewe. Njoo uliandike kwa mkono wako."

Akaniuliza kama nimekuja kwa ajili ya mashine au kwa ajili yake. Nikasema nimetumwa kwa ajili ya mashine. Alinitazama, kisha akageukia ukutani, na dada yake akanisindikiza mpaka nje.

Mkurugenzi nilimdanganya. Nilisema mgonjwa hana nguvu ya kukumbuka, na nikaomba lango lisifutwe mpaka mwisho wa mwezi. Tukamchomeka tena mrithi dhaifu, na aliporudi kuganda mimi ndiye niliyelaumiwa, kwa haki. Mwisho wa mwezi ukafika, nikaomba mwingine. Mkurugenzi aliniambia nikiomba wa tatu nitafute na kazi nyingine. Nilikuwa na hofu kila siku. Na katika hofu hiyo nilifanya jambo ambalo hadi leo linanitia aibu: nilimkatalia mtu neno lake la kuagia, lakini tangazo lake niliandika. Nililipiga chapa mapema ili siku ikifika nisilie mbele ya maikrofoni. Ukoo unasikitika kutangaza, fundi mitambo wa siku nyingi, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Nikalihifadhi kwenye kompyuta yangu, Kumi na Nne, ndani ya folda ambayo nilidhani hakuna anayeifungua.

Fundi wetu alikuja kabla ya mwisho wa mwezi huo wa pili niliouomba. Alipanda ngazi akipumzika kila hatua tatu, ndani ya koti lililokuwa la mtu mkubwa zaidi yake, yaani yeye wa zamani. Akavua viatu mlangoni. Fundi mgeni alisimama haraka ampishe kiti, mwenyeji akamwambia aendelee kuketi. Akavuta stuli, akaweka mfuko wa nailoni wenye makopo mawili ya dawa karibu na kopo la flashi, akaliandika neno la siri mwenyewe bila kutuzuia kuangalia. Alimtambulisha aliyerudi, akamrudisha mrithi chumba cha kurekodia. Kazi ya dakika kumi. Baadaye akaomba rula, akapiga mstari kwenye kila ukurasa wa kaunta buku, safu mpya pembeni ya Mrithi, na juu yake akaandika: Anayerudi.

Tulimtaka ashike cheo chake. Kwa sheria yake mwenyewe mwenye namba akirudi hupewa namba yake. Alikataa. Alisema ile ya zamani aliivaa mgonjwa, apewe nyingine, akajiandika Arobaini na Moja. Akawa anakuja siku tatu kwa wiki, akimfundisha yule mgeni, akimgombeza kwa mambo madogo, akila kila dawa kwa saa aliyoiseti kwenye kompyuta ya Bafuni ambayo haina mtandao. Dua na dawa alisema haviunganishwi na intaneti. Alifanya hivyo miaka, akastaafu, akarudi kwenye kahawa na migomba yake.

Mara ya mwisho nilimkuta stendi ya Muleba. Mimi nilikuwa natoka msibani, yeye ametoka kliniki na dawa zake za miezi mitatu. Alikuwa amenenepa, shingo imejaa kwenye kola, kifungo cha juu kimemshinda. Aliuliza kama bado nasoma. Nikamwambia nasoma, ila karatasi zimepungua sana na siku nyingine kipindi kinajaa muziki. Akatikisa kichwa, akauliza habari za lango. Nikampa. Kisha akaniuliza, kama anauliza bei ya ndizi, "Lile tangazo langu bado liko?"

Nilitaka ardhi inimeze. Alisema alilisoma siku ile ile aliyorudi, jioni, alipopita kukagua kila mashine. Nikamuuliza mbona hakulifuta.

"Limeandikwa vizuri. Nilirekebisha mahali pamoja tu. Siku ikifika watakuletea karatasi nyingine, nawajua. Wewe soma hiyo."

"Nitaisoma, tata."

Basi lake la Buganguzi likapiga honi, akapanda, akapewa kiti cha mbele.

Kompyuta tulishabadilisha mara mbili tangu wakati ule, na kila mara nililihamisha faili lile bila kulifungua. Kesho yake nililifungua. Aliacha maneno yangu yote, hata yale ya kumsifu kupita kiasi. Alifuta "baada ya kuugua kwa muda mfupi". Mahali pake alikuwa ameandika: "baada ya kuugua Ukimwi kwa miaka mingi, akatibiwa, akarudi kazini." Nafasi ya tarehe aliiacha wazi. Nilifunga mlango wa studio, nikazima maikrofoni, nikasoma kwa sauti mara moja kuona kama ulimi utaweza. Uliweza.